Programu za Kuundia Wahusika: Zipime Zote kwa Mhusika Mmoja

Kikao chetu cha mchezo wa kuigiza wa mezani kiliwahi kusimama kwa sababu ya namba moja. Wachezaji wawili, wote paladini (mashujaa wa kiapo), wote wamevaa deraya ya minyororo na kushika ngao ya aina moja, walitaja viwango tofauti vya kinga. Mmoja alisoma kwenye simu, mwingine kwenye karatasi aliyoijaza kwa penseli. Penseli ndiyo iliyokuwa sahihi. Programu ilikuwa imejumlisha Wepesi, mojawapo ya sifa za mhusika, juu ya deraya nzito, jambo ambalo kanuni hazikubali, na mwenye simu alikuwa akifaidi pointi moja asiyostahili tangu kampeni, yaani mfululizo wa vikao vyetu, ianze. Hakudanganya. Aliamini tu kwamba mashine haikosei hesabu.

Tangu siku hiyo sichagui programu ya kuundia wahusika kwa kutazama uzuri wake. Naipa mtihani, na mtihani wenyewe ni mhusika mmoja niliyemfanyia hesabu kwa mkono. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kumtengeneza mhusika huyo, namna ya kumpitisha kwenye programu unazozifikiria, na mambo ya kukagua baada ya hesabu kukubali.

Kwa aliye mgeni kabisa: katika michezo ya kuigiza ya mezani kila mchezaji hushika mhusika wake, msimulizi hushika dunia yote iliyobaki, na dadu huamua ubishi. Dungeons & Dragons, kwa kifupi D&D, ilipotoka mwaka 1974, karatasi na penseli vilitosha. Siku hizi mhusika wa ngazi ya 10 katika baadhi ya michezo amebeba maamuzi makumi kadhaa, na kila uamuzi unagusa namba za mengine. Hapo ndipo watu wanapokimbilia programu.

Hatua ya 1: Andika mchezo, toleo, na vitabu mnavyoruhusu

"Tunacheza D&D" haitoshi. Toleo la tano la mwaka 2014 na vitabu vilivyorekebishwa kuanzia 2024 vinafanana kwa sura lakini vinatofautiana kwenye hesabu, kama utakavyoona hapa chini. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, ina toleo la kwanza, toleo la pili la 2019, halafu marekebisho ya toleo hilo la pili yaliyoanza kutoka mwishoni mwa 2023. Programu moja inaweza kubeba toleo moja tu, au ikabeba yote na kuyachanganya kwenye orodha moja ndefu, ukajikuta umechagua uchawi wa 2014 kwa mhusika wa 2024.

Kwa hiyo chukua kipande cha karatasi: jina la mchezo, toleo, vitabu ambavyo msimulizi anavikubali, na kanuni zozote mlizojitungia. Mistari minne au mitano. Programu isiyoweza kubeba mistari hiyo iondoe mapema, hata kama kila mtu anaisifu.

Jiulize pia kama unahitaji programu kweli. Katika Blades in the Dark, karatasi ya mhusika ndiyo mwongozo wenyewe: unachagua fani, yaani kazi ya mhusika, unaweka alama kwenye visanduku, umemaliza kabla wenzako hawajakubaliana jina la genge. Call of Cthulhu ina hesabu kidogo zaidi, kwa kuwa kila ujuzi unahitaji nusu yake na moja ya tano yake, lakini faili la PDF linalojikokotolea lenyewe linamaliza kazi hiyo. Anayetaka kusaidiwa zaidi anaweza kujaribu tovuti ya Dhole's House, iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo huo. Michezo ya namna hii naiacha hapa. Kazi nzito iko kwingine.

Hatua ya 2: Jua data ya programu imetoka wapi

Hatua hii watu huiruka, kisha wanalalamika kwamba programu "haina vitu".

Kanuni za mchezo zina mwenyewe. Kwa D&D, mwenyewe ni Wizards of the Coast, kampuni iliyo chini ya Hasbro. Mwezi Januari 2023, baada ya vurumai kubwa kuhusu leseni, kampuni hiyo iliitoa hati yake ya msingi ya kanuni, inayojulikana kama SRD 5.1, chini ya leseni huria ya Creative Commons. Mwaka 2025 ikafuata SRD 5.2 kwa kanuni mpya. Mtu yeyote anaweza kujenga programu juu ya hati hizo bila kuomba ruhusa. Tatizo ni kwamba zina sehemu tu ya mchezo. SRD 5.1 ina fani zote 12, lakini kila fani ina tawi moja tu, kipawa (uwezo wa ziada) ni kimoja, na chimbuko (maisha ya awali) la mhusika ni moja. Ukifungua programu ya bure ukakuta mchezaji wa kila fani anaweza kuwa wa aina moja tu, usidhani mtengenezaji ni mvivu. Amefika mwisho wa anachoruhusiwa kutoa.

Upande wa Pathfinder mambo ni tofauti kabisa. Paizo, wachapishaji wake, wameziacha kanuni zao wazi, na tovuti ya Archives of Nethys, wanayoitambua rasmi, inazionyesha bure. Ndiyo maana programu za Pathfinder zilizotengenezwa na mtu mmoja au wawili zinaweza kuwa na karibu kila kitu.

Kuna na aina ya tatu: programu inayokuja tupu au nusu tupu, na mtumiaji anaiongezea mafaili ya data ya XML anayoyapata mwenyewe. Aurora Builder ya Windows hufanya kazi hivyo, na Fight Club 5 ya simu nayo hupokea mafaili ya namna hiyo. Zote zinafanya kazi vizuri. Lakini mafaili mengi yanayozunguka yamenakiliwa kutoka vitabu vya kununua, na ubora wake unategemea umakini wa mtu aliyeketi kuyachapa. Mimi hutumia njia hii kwa vitabu ninavyovimiliki na kwa vitu ninavyojitungia, basi.

Hatua ya 3: Tengeneza mhusika wa kipimo

Hapa ndipo ukae. Chukua kitabu cha kanuni, penseli, na nusu saa. Lengo ni mhusika anayepita kwenye kona zote ambazo programu hupenda kujikwaa: fani mbili zilizochanganywa, deraya yenye masharti, na namba inayotegemea mpangilio wa maamuzi.

Kwa D&D toleo la tano, huyu ndiye ninayemtumia. Ni paladini wa ngazi 3 aliyechanganywa na sosera (mchawi wa kuzaliwa) wa ngazi 3 mwenye damu ya joka, jumla ngazi ya 6. Nimemchagua makusudi, maana tawi hilo la sosera limo ndani ya SRD, kwa hiyo hata programu ya bure haina kisingizio. Gawa namba za kawaida hivi: Mvuto 15, Ustahimilivu 14, Nguvu 13, Wepesi 12, Busara 10, Akili 8. Nyongeza zinazotokana na asili au chimbuko ziweke kwenye Mvuto na Nguvu, ili Ustahimilivu ubaki 14 na Wepesi ubaki 12. Usichukue kipawa chochote kinachoongeza uhai. Mvalishe deraya ya minyororo, mpe ngao, na kwenye mtindo wa kupigana chagua ule wa kujihami.

Sasa hesabu. Kinga: deraya 16, ngao 2, mtindo wa kujihami 1, jumla 19. Programu ikikupa 20, imeingiza Wepesi mahali pasipotakiwa, kosa lile lile la kikao chetu.

Uhai ni mtamu zaidi, kwa sababu unategemea fani ipi ilianza. Akianza kama paladini, ngazi ya kwanza inampa 10 na 2 za Ustahimilivu, yaani 12. Ngazi mbili zinazofuata za paladini, kwa wastani wa 6 na 2, zinaongeza 16. Ngazi tatu za sosera, kwa wastani wa 4 na 2, zinaongeza 18. Damu ya joka inaongeza 3. Jumla 49. Akianza kama sosera, anapata 8 kwanza, halafu 12 za ngazi mbili za sosera, 24 za paladini, na 3 za joka: 47. Mjenge mara mbili kwa mpangilio tofauti. Programu inayotoa jibu moja mara zote mbili haikumbuki mwanzo wa mhusika, na kasoro hiyo itakufuata hadi ngazi ya 20. Tena, huyu aliyeanza kama sosera hana mafunzo ya deraya nzito, kwa kuwa kuingia upaladini baadaye hakumpi. Programu nzuri inapiga kelele ukimvalisha minyororo. Mbaya inamvalisha na kunyamaza.

Halafu nafasi za uchawi, yaani mara ngapi anaweza kuroga kabla ya kupumzika. Kwa kanuni za 2014, ngazi za paladini hugawanywa kwa mbili na baki hutupwa: 3 inakuwa 1, ukiongeza 3 za sosera unapata mchawi wa ngazi ya 4, mwenye nafasi 4 za daraja la kwanza na 3 za daraja la pili. Kwa kanuni za 2024, nusu hupandishwa juu: 3 inakuwa 2, jumla 5, na hapo anapata nafasi 2 za daraja la tatu pia. Mhusika mmoja, majibu mawili, yote sahihi kwa toleo lake. Sijapata swali fupi kuliko hili la kuijua programu inayochanganya matoleo.

Kwa Pathfinder toleo la pili kipimo ni kifupi. Chukua mhusika wa ngazi ya 5 mwenye Wepesi +4. Kwenye ujuzi aliofunzwa anapata ngazi yake 5, na 2 za mafunzo, na 4 za Wepesi: 11. Kwenye ujuzi asiofunzwa hapati hata ngazi yake, anabaki na 4. Kisha, kwenye nyongeza za ngazi ya 5, mpandishie tena Wepesi ule ule. Unapaswa kubaki +4 ukiwa na alama ya nusu nyongeza, na +5 ije ngazi ya 10 akiongezewa mara ya pili. Ukiona +5 mapema, funga programu.

Kwa Shadowrun toleo la tano, mchukue mchawi mwenye Uchawi 6 na umchomeke kidude kidogo kabisa, tundu la data kichwani, linalopunguza Kiini, yaani kipimo cha uzima wa mwili wake, kwa 0.1. Kiini kinashuka kutoka 6 hadi 5.9, na kwa sababu sehemu yoyote ya pointi inahesabiwa kama pointi nzima, Uchawi unashuka hadi 5. Wachezaji wapya huilaani kanuni hii. Programu isiyoijua inawapendelea kimyakimya.

Kwa GURPS mpe mhusika DX (wepesi) 12 na HT (afya) 11. Gharama ni pointi 40 na 10, jumla 50. Kasi ya msingi ni jumla ya hizo mbili ikigawanywa kwa 4, yaani 5.75. Mwendo ni 5. Kukwepa ni 8, kwa sababu desimali hutupwa kabla ya kuongeza 3.

Mchezo wako haumo hapa? Utafute kanuni tatu ambazo watu mezani hubishania kila mara, uzifungie ndani ya mhusika mmoja. Ubishi wa wachezaji ni ramani nzuri ya mahali ambapo programu zinakosea, kwa kuwa watengenezaji wake nao ni wachezaji.

Hatua ya 4: Pitisha mhusika kwenye programu mbili au tatu

Usizidishe. Nilishawahi kulinganisha sita kwa mpigo, mwisho wa siku sikumbuki ipi ilikuwa na kasoro gani. Chagua mbili au tatu za mchezo wako, mjenge mhusika mle, na andika pembeni muda uliotumia na mahali ulipokwama.

Kwa D&D, wengi wataanza na D&D Beyond, iliyozinduliwa mwaka 2017 na kununuliwa na Hasbro mwaka 2022. Ndiyo rasmi, na kwa mtu anayejenga mhusika wake wa kwanza sijaona inayomshika mkono vizuri zaidi: inauliza swali moja baada ya jingine na inaeleza kila neno. Akaunti ya bure ina kikomo cha wahusika sita. Vitabu hununuliwa, na mwenye usajili wa juu anaweza kuwagawia wenzake wa kampeni vitabu vyake. Udhaifu wake unatokana na huo huo urasmi. Mwezi Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba uchawi na vifaa vya kimazingaombwe kwenye karatasi za wahusika vingebadilishwa kufuata kanuni mpya, wachezaji wakapinga kwa sauti, na baada ya siku chache mpango ukafutwa. Ulifutwa, ndiyo. Ila kila mtu alitambua kwamba karatasi yake inakaa kwenye kabati la mtu mwingine.

Mkicheza kupitia Roll20, tovuti ya kuchezea mtandaoni, ina kiongozi chake cha kuundia wahusika humo humo, na faida yake ni kwamba mhusika akikamilika yuko tayari mezani, hakuna kunakili. Mwaka 2024 Roll20 iliinunua Demiplane, ambayo inahudumia michezo kadhaa ikiwemo Pathfinder na Vampire: The Masquerade.

Kwa Pathfinder toleo la pili sitazunguka: anza na Pathbuilder 2e. Iko kwenye Android na kwenye kivinjari, sehemu kubwa ni ya bure, na malipo ya kufungua ziada ni ya mara moja, si ya kila mwezi. Inaonyesha ngazi zote kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo unaweza kupanga mhusika hadi ngazi ya 20 ukiwa umekaa pale pale. Wanderer's Guide, ya kivinjari, ni mbadala mzuri kwa anayependa kuongozwa hatua kwa hatua na kusoma maelezo marefu. Hero Lab, ya Lone Wolf Development, ni mkongwe. Ina toleo la kusakinisha kwenye kompyuta na la mtandaoni, na bado ina wapenzi wake hasa kwa Pathfinder ya kwanza, ambako bonasi zinarundikana hadi kichwa kinauma. Usichanganye Hero Lab na Hero Forge. Ya pili inatengeneza sanamu ndogo ya mhusika wako, haitakusaidia hata kujumlisha moja na moja. Nimemwona mtu akihangaika nusu saa kutafuta mahali pa kuingiza Nguvu na Wepesi kwenye programu ya sanamu.

PCGen ni programu huria inayotumia Java, na imekuwepo tangu mwaka 2000. Ni ya D&D toleo la 3.5 na ndugu zake, Pathfinder ya kwanza ikiwemo. Sura yake ni ya zamani, inachukua muda kupakia vitabu, na mara ya kwanza utadhani imekwama. Haijakwama. Ivumilie, maana undani wake wa kanuni ni wa kustaajabisha na haihitaji intaneti.

Shadowrun toleo la tano ina Chummer5a, nayo huria, iliyoandikwa kwa ajili ya Windows. Hapa naweka maoni yangu wazi: sijui watu waliokuwa wakijenga wahusika wa toleo hilo kwa mkono walikuwa na moyo wa aina gani. GURPS ina GCS, ya bure, kwa Windows, Mac na Linux. Haikuongozi wala haikufundishi. Inakupa maktaba ya sifa na ujuzi, unaburuta unachotaka, na pointi zinajihesabu. Anayejua GURPS ataipenda siku ya kwanza, asiyeijua atapotea.

Hatua ya 5: Ivunje kwa makusudi

Hesabu zikikubali, jaribu sasa kumharibu mhusika. Karibu kila meza ina kanuni zake: msimulizi amempa mtu kipawa cha ziada, upanga una nguvu ambazo hazimo kwenye kitabu, mhusika amelaaniwa na Nguvu yake imeshuka kwa 2 mpaka laana iondoke. Jaribu kuingiza mambo matatu ya namna hii na uone kama programu inakubali, na inakubali vipi.

Kuna programu zinazokuruhusu kubadili namba ya mwisho tu. Unafuta 19, unaandika 20, basi. Inaonekana ni sawa, lakini siku mhusika akivua ngao, 20 inabaki pale pale kama jiwe. Zilizo bora zinakuruhusu kuongeza chanzo: "+1 kutoka baraka ya hekalu", na namba inaendelea kuishi. Chummer5a na GCS ziko vizuri hapa, kwa kuwa data zao ni mafaili unayoweza kuyafungua na kuyaongezea. D&D Beyond ina sehemu ya kutengenezea vipawa, uchawi na vifaa vyako. Pathbuilder inakubali mengi ya kanuni za hiari, baadhi kwa waliolipia.

Jambo dogo ambalo limeniokoa mara nyingi: bofya namba yenyewe. Je, inakuonyesha ilikotoka? Programu inayofungua kidirisha kikasema "16 deraya, 2 ngao, 1 mtindo" inamfundisha mchezaji mchezo wake. Inayokupa 19 kavu inamfanya mtegemezi, na msimulizi akiuliza, jibu linakuwa "programu ndiyo imesema".

Hatua ya 6: Tafuta mlango wa kutokea kabla hujazoea kuingia

Programu hufa. Toleo la nne la D&D lilikuwa na programu yake rasmi ya kuundia wahusika, ya kusakinisha kwenye kompyuta, na wengi waliipenda. Mwaka 2010 ikahamishiwa mtandaoni juu ya teknolojia ya Silverlight. Silverlight ikazeeka, na tarehe 1 Januari 2020 huduma nzima ikazimwa. Vitabu vya toleo hilo bado vinafunguka vizuri tu kwenye rafu. Wahusika waliokaa kwenye seva peke yake walikwenda nayo.

Kwa hiyo, ukiwa bado na mhusika wako wa kipimo, jaribu kumtoa. Kwanza kama PDF: je, karatasi inasomeka ikichapishwa kwa rangi nyeusi tupu, au maandishi ya uchawi yamekatwa katikati? Pili kama faili la data. Pathbuilder hutoa JSON, faili la data la maandishi, na wanaocheza kwenye Foundry, programu ya meza ya mtandaoni, wameunda nyongeza za kulipokea faili hilo. GCS na Chummer huhifadhi kila mhusika kama faili la kawaida kwenye diski yako, unaweza kulinakili, kulituma, hata kulifungua kwa programu ya maandishi na kusoma kilichomo. Programu isiyokuwa na njia yoyote ya kutoa zaidi ya kupiga picha ya skrini, mimi siiwekei mhusika wa kampeni ndefu. Kwa mchezo wa jioni moja haina shida.

Jaribu la mwisho hapa: zima intaneti, kisha mfungue mhusika. Usisome tovuti inasema nini kuhusu hali hiyo. Zima, ujionee.

Hatua ya 7: Hesabu vifaa vya watu wote, na mifuko yao

Msimulizi ana kompyuta kubwa, basi anachagua programu ya Windows, halafu anakuta wachezaji watatu kati ya wanne wana simu tu. Uliza mapema. Ya kivinjari ndiyo inayowafikia wengi, japo kwenye skrini ndogo baadhi huwa ni mateso ya kusogeza huku na huku.

Kuhusu malipo, tazama umbo lake kabla ya kiasi. Ya mara moja, ya kila mwezi, au ya kila kitabu? Ya kila mwezi inafaa kampeni yenye mwisho unaojulikana. Ya kila kitabu inauma zaidi kama tayari una vitabu vya karatasi, kwa kuwa unalipia maneno yale yale mara ya pili. Na uliza nini kinatokea ukiacha kulipa: wahusika wanafungwa, wanabaki kusomwa tu, au hakuna kinachobadilika? Jibu hilo huwa limeandikwa kwa herufi ndogo, lakini limeandikwa.

Hatua ya 8: Kikao kimoja cha majaribio

Kujenga mhusika ni kazi ya siku moja. Kumtumia ni miezi. Programu mbili zikibaki sawa, chezeni kikao kimoja, nusu ya wachezaji wakiwa na hii na nusu nyingine wakiwa na ile, na msimulizi aangalie kitu kimoja tu: zamu ya nani inachelewa. Kupunguza uhai kunahitaji mibofyo mingapi? Nafasi ya uchawi iliyotumika inawekewa alama wapi? Mhusika akipumzika, kila kitu kinarudi kwa kubofya mara moja, au anarudisha kimoja kimoja? Nimeona programu iliyopita mitihani yote ya hesabu ikaanguka hapa, kwa sababu uhai ulikuwa kurasa tatu ndani.

Mkishaamua, wekeni utaratibu. Kila mhusika anapopanda ngazi, mwenye mhusika anatoa PDF na faili la data, anayaweka kwenye folda ya pamoja, na jina la faili linabeba jina la mhusika na ngazi yake. Mafaili ya zamani hayafutwi. Sasa mtu akisema, "Lakini wiki iliyopita nilikuwa na uhai 49," tunafungua la wiki iliyopita na kutazama. Mara mbili hadi sasa alikuwa nao kweli.